Fahamu HMS Conway: Chuo cha ubaharia kilichopotezewa meli na mkondo wa maji

Asubuhi ya Aprili 14, 1953, boti mbili za kuvuta meli zilianza kuikokota meli kongwe ya mbao huko Wales, Uingereza. Ilikuwa inapelekwa Birkenhead kufanyiwa matengenezo. Safari yenyewe si ndefu, lakini meli haikufika.

Hiyo haikuwa meli ya mizigo. HMS Conway ilikuwa shule nzima: madarasa, bwalo na mabweni ya vijana waliosomea uofisa wa meli za biashara.

Kwa nini shule iwe melini?

Katikati ya karne ya 19, Uingereza ilianza kuwalazimisha manahodha na maofisa wa meli za biashara kufanya mitihani na kupata vyeti. Kabla ya hapo, tajiri mwenye meli aliweza kumkabidhi chombo yeyote aliyemwamini.

Watu wa meli wa Liverpool wakaona dawa ni kuwaandaa vijana mapema. Mwaka 1859 wakachukua meli ya jeshi la majini iliyokwisha kazi, wakaitia nanga kwenye mto Mersey, masomo yakaanza. Kijana aliishi humo humo: akapanda mlingoti, akafunga kamba, akapiga makasia. Hata kwenda mjini ilibidi apande mashua.

Meli tatu, jina moja

Nafasi ilipokuwa ndogo, ililetwa meli kubwa zaidi na kupewa jina lilelile. Ya pili ilikuja 1861, ya tatu 1876. Hii ya tatu ilikuwa meli ya vita iliyoitwa HMS Nile, iliyoshushwa majini mwaka 1839.

Waliopita humo si haba. Titanic ilipogonga barafu mwaka 1912, ofisa aliyepokea simu ya onyo kutoka kwa mlinzi wa juu ya mlingoti alikuwa James Moody. Alikufa usiku ule akiwa na miaka 24. Nahodha wa Carpathia, meli iliyokimbia gizani na kuokoa watu zaidi ya 700, alikuwa Arthur Rostron. Wote wawili walisoma Conway, kila mmoja kwa wakati wake.

Ilikuwaje ikapotea?

Mwaka 1941, mabomu ya Wajerumani yalipozidi Liverpool, meli ilihamishiwa mlangobahari wa Menai. Mwaka 1949 ikasogezwa tena hadi Plas Newydd, kwa kupita sehemu nyembamba iitwayo Swellies. Hapo pana miamba na mkondo mkali, na meli kubwa hupita dakika chache tu maji yanapotulia baada ya kujaa. Mara hiyo ilipita salama.

Mwaka 1953, wakati wa kurudi, mambo yakaharibika. Mkondo uliwahi na ulikuwa na nguvu kuliko ilivyotarajiwa. Boti zilivuta, meli ikawa kama imesimama palepale. Kisha ikasukumwa pembeni, ikapanda mwamba.

Kilichoimaliza ni maji kupwa. Omo ilikaa juu ya mwamba, tezi ikabaki bila maji ya kuibeba, uti wa meli ukavunjika. Maji yaliporudi kujaa yaliingia ndani. Mwaka 1956, ikiwa inabomolewa, mabaki yake yakateketea kwa moto.

Bahati nzuri, wanafunzi walikuwa likizo. Waliporudi walikuta shule yao haina makao, wakaanza na mahema. Chuo kiliendelea nchi kavu hadi kilipofungwa mwaka 1974.

Inatuhusu nini leo?

Vyuo vingi sasa viko nchi kavu, lakini bahari bado inadai haki yake. Kwa mkataba wa kimataifa wa STCW, kijana anayesomea uofisa wa sitaha hapati cheti kwa darasa peke yake. Kwenye mpango wa mafunzo ulioidhinishwa, lazima awe na angalau miezi 12 ya kazi melini. Kanuni hiyo inamhusu anayesoma Dar es Salaam au Mombasa sawa na wa Liverpool.

Kwa hiyo ukitafuta chuo cha ubaharia, usiishie kuuliza ada. Uliza pia: baada ya darasa, meli ya kufanyia hiyo miezi 12 nitaipata wapi? Bila jibu la hilo, utamaliza masomo na cheti usikione.