Begi kubwa lisipofika: Vitu ambavyo familia inapaswa kubeba mkononi ndani ya ndege

Familia imetua ugenini usiku. Mkanda wa mizigo umezunguka mpaka umesimama, lakini begi moja halijatokea. Na humo ndani ndimo ilimo dawa ya pumu ya mtoto.

Mambo haya hutokea, hasa kwenye safari za kuunganisha ndege. Chukulia familia inayotoka Dar es Salaam kwenda London kupitia Doha. Ndege ya kwanza ikichelewa, abiria wanaweza kukimbia wakawahi ya pili, ila begi lililo chini huenda lisiwahi.

Kwa hiyo kabla ya kufunga zipu, swali ni moja tu: begi kubwa lisipofika leo, familia italala vipi?

Dawa kwanza

Inhela, insulini, vidonge vya presha na dawa nyingine za kila siku zikae begi la mkononi, kwenye pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari. Insulini ikiganda kwa baridi huharibika, sababu nyingine ya kutoiweka chini.

Wanaokwenda Dubai au Abu Dhabi wawe makini zaidi. Dawa zenye kodeini au tramadoli zinadhibitiwa vikali kule na huhitaji kibali kabla ya safari, hata kama ziliandikwa na daktari.

Maji, losheni na achari

Mwaka 2006 polisi wa Uingereza walizima njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Tangu hapo viwanja vingi vinataka kila chupa isizidi mililita 100, na zote zikae kwenye mfuko mmoja unaoonyesha, wa lita 1.

Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chupa, si kilichobaki ndani. Losheni ya mililita 200 iliyobaki nusu haipiti. Asali, achari na siagi ya karanga nazo huhesabiwa humo humo.

Maziwa ya mtoto na dawa za maji huruhusiwa kuzidi, kwa kiasi cha kutosha safari. Mzazi avitoe na kuvionyesha mapema, asisubiri kuulizwa.

Baadhi ya viwanja vya Ulaya vimelegeza masharti kwa sababu ya mashine mpya, lakini ni salama kufuata kiwanja chenye masharti makali zaidi njiani.

Pawabenki haikai chini

Hii ni kinyume: pawabenki ni lazima ibebwe mkononi. Betri ya lithiamu inaweza kushika moto, na ndani ya kabini wahudumu wataona na kuudhibiti haraka.

Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Pawabenki ya mAh 20,000 ina kama 74, hivyo inapita. Emirates, tangu Oktoba 1, 2025, inaruhusu moja tu kwa abiria na haitaki itumike angani.

Kilo 7 zigawanywe

Mashirika mengi huruhusu kilo 7 tu kwa daraja la kawaida. Kila mmoja awe na nguo za kubadili mkononi. Kwenye mabegi makubwa, nguo za wote zichanganywe, ili moja likipotea asikose mtu mmoja kila kitu.

Mwenye mtoto mchanga abebe pampasi za safari nzima na za akiba, pamoja na blauzi au shati la yule anayempakata. Mtoto akitapika, hawachafuki peke yao.

Pasipoti, visa na nakala za vyeti vya kuzaliwa zikae kwa mtu mzima. Mzazi anayesafiri na mtoto bila mwenzake abebe barua ya ridhaa, maana anaweza kuulizwa.

Na begi likikosekana?

Familia isitoke uwanjani kabla ya kuripoti kwenye dawati la mizigo na kupewa namba ya ripoti. Risiti za vitu vya lazima vilivyonunuliwa zitunzwe.

Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, malalamiko ya begi lililochelewa huandikwa ndani ya siku 21 tangu kulipokea. Siku 21 zikipita halijafika, abiria anaweza kudai fidia ya begi lililopotea.

Fidia lakini huja baadaye. Inhela huhitajika usiku huo huo.