Seli Ziuaji za Asili na Mfano wa Isale

Uchagani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, isale ni mmea upandwao mipakani mwa vihamba. Kwa desturi, mtu aliyekosa huchukua jani lake na kwenda nalo kwa aliyemkosea. Naye akiliona, hapana budi auzuie mkono wake. Desturi hii yafaa kueleza jambo moja la elimu ya kinga ambalo jina lake la Kiswahili, "seli ziuaji za asili", lalificha zaidi kuliko kulidhihirisha.

Seli hizo ni aina ya limfosaiti zizungukazo katika damu. Jina walipewa na watafiti wa Stockholm mwaka 1975, walipoona kwamba zaua seli za saratani bila kufundishwa kwanza. Je, zajuaje ipi ya kuua na ipi ya kuacha? Mwaka 1986 Klas Kärre na wenzake walionyesha kwamba hutazama pia alama iliyokosekana. Karibu kila seli yenye kiini huonyesha juu ya utando wake protini za HLA za daraja la kwanza. Kipokezi cha seli ziuaji kikizigusa, pigo huzuiwa. Hiyo ndiyo isale yake. Virusi na saratani mara nyingi huiondoa alama hiyo ili zisitambuliwe na seli T. Kwa kumkwepa mlinzi mmoja huangukia mikononi mwa mwingine.

Ushahidi mmoja watoka Afrika ya Mashariki. Seli ziitwazo Daudi, zilizopatikana Kenya mwaka 1967 katika uvimbe wa Burkitt, zimekosa protini ndogo ya kuisimamisha HLA hiyo. Watafiti walipozirudishia protini hiyo, zilizidi kustahimili mashambulio.

Hata hivyo, kukosa isale peke yake si hatia. Chembe nyekundu za damu zina HLA chache mno, wala haziuawi, kwa kuwa hazionyeshi alama za taabu zichocheazo shambulio. Pande zote mbili hupimwa. Hukumu ikipita, seli hushikamana na shabaha yake na kumwaga perforini, itoboayo utando, na granzimu, ziingiazo na kuifanya seli ijiue.

Basi neno "ziuaji" lataja pigo la mwisho na kuuacha ukaguzi uliolitangulia. Mzazi anayemuuguza mtoto mwenye saratani mjini Moshi, akiambiwa kwamba damu ya mwanawe ina "wauaji", aweza kuingiwa na hofu bure. "Seli kaguzi" lingekuwa karibu zaidi na kazi yenyewe.