Mbolea ya pamba: Hesabu ni kilo za nitrojeni, si bei ya mfuko

Mkulima wa pamba anayeingia duka la pembejeo Bariadi au Maswa, mkoani Simiyu, hukuta mifuko ya mbolea ya kilo 50 imepangwa, na jambo la kwanza analouliza ni bei. Mara nyingi huondoka na mfuko wa bei ya chini. Kwa hesabu za kiuchumi, huenda huo ndio mfuko ghali.

Katika mbolea ya kukuzia, kinachonunuliwa hasa ni nitrojeni. Urea ina asilimia 46 ya kirutubisho hicho, hivyo mfuko mmoja una kilo 23. CAN yenye asilimia 26 ina kilo 13, na SA yenye asilimia 21 ina kilo 10.5 tu.

Tuseme urea inauzwa Sh69,000 na CAN Sh52,000. Kilo moja ya nitrojeni itamgharimu mkulima Sh3,000 akinunua urea, na Sh4,000 akinunua CAN.

Bei hizo huanzia mbali. Urea hutengenezwa kwa gesi asilia, na sehemu kubwa ya mbolea ya Tanzania huingia kupitia bandari ya Dar es Salaam, ambayo pia huhudumia Rwanda, Burundi, Zambia na Kongo. Aprili 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, urea ilipita dola 900 kwa tani katika soko la dunia, wakati wastani wa mwaka 2020 ulikuwa chini ya dola 250. Serikali ya Tanzania ilianza kutoa ruzuku ya mbolea kwa wakulima waliosajiliwa katika msimu wa 2022/2023.

Hata hivyo, urea ina udhaifu wake. Ikiachwa juu ya ardhi, sehemu ya nitrojeni hugeuka hewa ya amonia na kupotea. Ni lazima ifukiwe pembeni mwa mche, udongo ukiwa na unyevu. Asiyeweza kufukia anaweza kupata nafuu kwa CAN, ambayo haipotei kwa urahisi kwa njia hiyo.

Kuzidisha nako ni hasara. Pamba iliyoshiba nitrojeni hurefuka na kujaa majani, huchelewa kupasua vitumba na huvutia vidukari na funza wa vitumba, hivyo gharama ya dawa hupanda. Ni bora kugawa mbolea mara mbili: baada ya kupunguza miche, na mmea unapoanza kutoa maua machanga. Kwenye udongo wa kichanga, mvua kubwa huosha nitrojeni iliyowekwa kwa mkupuo.

Udongo huo pia hunufaika na samadi, ambayo wafugaji wa Usukuma wanayo zizini. Huongeza mboji inayoshika maji na virutubisho. Palipo na tindikali nyingi, chokaa ya kilimo hutangulia, kwa kuwa SA na urea huongeza tindikali zikitumika miaka mingi. Kupima udongo ndiko kunakoonyesha kiasi.

Mwisho ni mizani. Ikiwa kilo ya pamba mbegu ni Sh1,150, mfuko wa Sh69,000 unapaswa kuleta kilo 60 za ziada ili kurudisha fedha tu, kabla ya gharama ya kuweka mbolea na kuvuna. Faida huanza baada ya gharama hizo pia kurudi.