Uzamili wa Umeme na Lugha ya Mwananchi

Wapo wanaodhani kwamba shahada ya uzamili katika uhandisi wa umeme haituhusu ndewe wala sikio sisi walimu wa lugha. Siafikiani nao.

Tuutazame mradi wa upepo wa Loiyangalani. Mitambo yake 365, yenye uwezo wa megawati 310, ilikamilika mwaka 2017. Hata hivyo, ilikaa zaidi ya mwaka mmoja ikingojea njia ya umeme ya kilovolti 400 hadi Suswa. Miongoni mwa mambo yaliyoichelewesha njia hiyo ni mizozo ya fidia ya ardhi.

Hapo ndipo hisabati pekee haitoshi. Mwenye boma ana haki ya kuelezwa nyaya zitapita wapi, na kwa nini haruhusiwi kujenga chini yake. Je, mhandisi aliyebobea katika uthabiti wa gridi atamfafanulia nini ikiwa elimu yake yote imefungwa katika Kiingereza?

Asisingizie uhaba wa msamiati. Mkondo, ukinzani na saketi ni maneno tunayoyatumia, na TUKI ilikwisha kutoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990.

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini. Basi napendekeza kila tasnifu ya uzamili wa uhandisi iambatane na muhtasari wa Kiswahili, nasi walimu wa lugha tuwe tayari kuusahihisha. Umeme hupita katika ardhi ya watu; maelezo yake nayo yapite katika lugha yao.