Ukishikwa Kalimoni, kesi haikufuati Kisumu

Simu iliingia Jumapili asubuhi, nambari ngeni. "Omera, niko ndani."

Nilidhani ni utani. Jamaa yangu huyu tulikuwa tumeagana naye usiku huo huo kwenye sherehe Kalimoni, ameshika funguo, anasema ni mwendo wa dakika chache tu hadi Juja mjini. Alikutana na kizuizi cha polisi saa saba. Akaambiwa apulize kipima ulevi, akapuliza, akaingizwa kwenye gari lao.

Yeye ni wa Kisumu. Huleta samaki Juja kila wiki kwa Probox ya kukodi, na leseni ndiyo kazi yake. Sitetei ulevi hapa, alikosea na anajua. Lakini kuna mambo ambayo wasee wengi wanaosafiri hawajui hadi yawapate.

Kwanza, wikendi. Katiba, Ibara ya 49, inasema ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Ila saa hizo zikiisha siku ambayo korti imefungwa, unangoja siku inayofuata ya kazi. Ukishikwa usiku wa kuamkia Jumapili, hiyo ni Jumatatu. Polisi wanaweza kukuachilia kwa dhamana kabla ya hapo, lakini watataka kujua unakaa wapi na nani anakujua. Mwenyeji angemwita mjomba. Yeye alikuwa na mimi, kijana aliyeacha chuo, ambaye mali yake yote ni godoro na laptopu. Manze, tulishindwa.

Pili, kesi husikizwa upande ulikoshikwa. Huwezi kuomba ihamie Kisumu kwa sababu ndiko kwa mamako. Ukikana mashtaka unapewa tarehe, unarudi nyumbani, halafu unapanda basi tena kila kesi inapotajwa. Ukikosa kufika hata mara moja, hakimu anaweza kutoa agizo ukamatwe, na ile pesa ya dhamana uliyoweka ikaenda.

Jamaa alipiga hesabu hiyo akiwa kizimbani. Nauli, siku za kazi, mwenye Probox anayetaka gari lake. Aliposomewa mashtaka akasema, "Ni kweli." Alitaka tu kwenda nyumbani. Tukachanga faini kwenye kundi la WhatsApp, watu wakatuma mia mia, na kufikia jioni alikuwa nje akila chapati mbili kwa madondo.

Hapo ndipo alipoonyesha karatasi. Faini aliisikia vizuri. Ya leseni haikumwingia.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinasema ukipatikana na hatia ya kuendesha gari ukiwa mlevi, unapigwa marufuku kuwa na leseni kwa miezi 12, isipokuwa hakimu aone sababu maalum. Anaweza hata kuongeza muda. Unapewa nafasi ya kujieleza kabla ya hukumu, na hapo ndipo ungesema kwamba kuendesha gari ndiyo ugali wako. Jamaa alisema hana la kusema.

Tena kifungu hicho hakizungumzii kunywa tu. Kinasema uwe umelewa kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari sawasawa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilishikilia jambo hilo hilo katika kesi kuhusu kanuni za kipima ulevi: kiwango cha pombe kwenye pumzi, peke yake, hakikutosha kumtia mtu hatiani chini ya kifungu hicho. Je, wakili angemwokoa? Sijui. Lakini hakuwa na wakili, na hakuomba hata muda wa kumtafuta mmoja, jambo ambalo ni haki yake.

(Na usidhani kulala ndani ya gari ni dawa. Kifungu hicho kinamgusa pia aliye na usimamizi wa gari barabarani, hata kama halitembei. Lala kwa mwenyeji wako.)

Samaki bado wanakuja Juja. Siku hizi jamaa hukaa kiti cha abiria na kulipa dereva nusu ya faida. Juzi alikuja na cheti cha maadili mema alichoomba kwa ajili ya kazi ya ghala, akakiweka mezani kwangu kimekunjwa. Hakutaka nikifungue.

"Wewe soma tu," akasema, "uniambie wameandika nini."