Nishati Hupotea, Zebaki Hubaki: Safari ya Sumu Kutoka Ziwani Hadi Mezani

Kila kiumbe hupata katika chakula chake vitu viwili: nishati na maada. Viwili hivi huingia mwilini pamoja, lakini mwisho wake si mmoja. Nishati huingia ziwani kama mwanga wa jua, hunaswa na mimea midogo ielayo majini, na kila inapotoka kwa aliyeliwa kwenda kwa mlaji, sehemu kubwa hutoweka kama joto. Kwa makadirio, asilimia 10 tu hufika ngazi inayofuata. Maada haitoweki; hubadilika umbo na kuzunguka.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza hatari ya zebaki. Katika maeneo kama Geita, wachimbaji wadogo huitumia kunasa chembe za dhahabu, kisha huchoma mchanganyiko huo. Zebaki hugeuka mvuke, na mabaki yake huweza kusombwa na mvua hadi mitoni na ziwani. Ndani ya tope lenye oksijeni kidogo, bakteria huibadili kuwa zebaki ya methili, ambayo huingia mwilini kwa urahisi na kutoka polepole.

Kwa makadirio yaleyale, kilo 1 ya sangara hujengwa na kilo 10 za dagaa, nazo hizo na kilo 100 za vijidudu vya majini. Nishati ya vyakula hivyo imekwisha kutumika, ila sehemu kubwa ya zebaki ya methili imebaki. Ndiyo maana samaki mkubwa alaye samaki wenzake hubeba sumu zaidi kuliko dagaa au sato wa maji yaleyale. Tena sumu hiyo hushikamana na protini ya nyama, hivyo kupika, kukausha au kuondoa mafuta hakuiondoi.

Dunia ilijifunza jambo hili huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1956. Kiwanda kilikuwa kikimwaga majitaka yenye zebaki baharini, na wakazi wakala samaki wa ghuba hiyo. Baadhi ya watoto walizaliwa na ubongo ulioathirika vibaya ilhali mama zao walionekana kuwa na dalili chache, kwa kuwa kondo la nyuma haliizuii sumu hii.

Mhudumu wa afya anayekutana na ganzi ya mikono, miguu au mdomo, kuyumba, au kupungua kwa upeo wa kuona, aulize pia kazi ya mgonjwa na aina ya samaki anaokula. Kwa wanaochoma dhahabu, mvuke huleta kutetemeka, kukosa usingizi na madhara ya figo. Hao hupimwa mkojo. Sumu itokanayo na samaki hupimwa katika damu au nywele. Hatua ya kwanza ya tiba ni kumwondoa mgonjwa kwenye chanzo.

Mjamzito asiache samaki, kwani humpatia protini na mafuta yanayojenga ubongo wa mtoto. Ale dagaa na sato mara nyingi zaidi, na sangara wakubwa mara chache. Na dhahabu isichomwe kamwe jikoni wala karibu na watoto.