Je, Alama za Chuo Zina Uzito Unapotafuta Kazi?

Kila baada ya mahafali vijana wa parokia zetu hurudi nyumbani na vyeti, na swali moja hurudi pamoja nao: je, mwajiri ataangalia GPA yangu? Mwenye alama kubwa hudhani kazi inamsubiri. Mwenye alama ndogo hukata tamaa kabla hajabisha hodi. Wote wawili wanahitaji maelezo.

Kwanza tuzielewe alama zenyewe. Katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania GPA huhesabiwa hadi 5.0. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, 2.0 hadi 2.6 ni ufaulu wa kawaida.

Ipo milango ambayo ufunguo wake ni alama. Anayetaka kufundisha chuo kikuu cha umma hukuta tangazo linadai GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza, na 4.0 ya uzamili kwa mhadhiri msaidizi. Anayetaka kusoma uzamili, vyuo vingi humdai angalau 2.7. Hapo asiyefikisha hata barua yake haisomwi.

Lakini nafasi nyingi hazitaji GPA. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida hutaja shahada, fani, na chuo kinachotambuliwa na Serikali. Aliyekidhi sifa huitwa kwenye usaili: mchujo wa kuandika, kwa baadhi ya kada usaili wa vitendo, kisha mahojiano. Mwenye 4.5 na mwenye 2.9 hukaa chumba kimoja na kujibu maswali yaleyale. Kadhalika mhasibu anayetafuta CPA lazima afaulu mitihani ya bodi ya NBAA, hata kama chuoni aliongoza darasa.

Kwa waajiri binafsi, alama huwa chekeche pale barua za maombi zinapokuwa nyingi na waombaji wote hawana uzoefu. Ukishafanya kazi miaka michache, swali hugeuka: umefanya nini, na nani anaweza kukushuhudia?

Tuonye jambo moja. Aibu ya alama ndogo isimsukume mtu kughushi. Aprili 2017, uhakiki wa vyeti ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Daraja la chini la halali hukuchelewesha. Cheti cha uongo hukuangusha hata baada ya miaka ishirini ya utumishi.

Basi, uliye bado chuoni, soma kwa bidii, kwa kuwa hujui ni mlango upi utaubisha kesho. Mseminari naye asiseme hayamhusu: wapo wanaotambua baadaye kwamba wito wao ni mwingine, na siku hiyo cheti cha falsafa huwekwa mezani pamoja na vingine. Uliyekwisha kuhitimu, alama hazibadiliki tena. Jiandae kwa usaili, tafuta pa kujitolea ujifunze kazi, na chagua wadhamini wanaokufahamu kweli. Nanyi wazazi, msiwapime watoto wenu kwa namba moja. Usaili wenyewe unawapima kwa mengi zaidi.